Kigoda kimoja, miaka 70 sokoni: somo kwa wauza kazi za mikono

Wadau, leo tuongee na mnaouza vigoda, vikapu na kazi nyingine za mikono kutoka Getanuwas, Katesh na Mbulu. Kilio ni kilekile: picha inapendwa, bei inaulizwa, mteja anapotea. Au ananunua, halafu mzigo ukifika anasema "mbona sio kama kwenye picha?" Nauli ya kuurudisha ni juu yako, na faida imeisha hapo.

Kuna mbunifu wa Kijapani, Sori Yanagi, ambaye kazi zake zinajibu hili vizuri.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1915. Baba yake alikusanya vyombo vya kawaida vya mafundi wasiojulikana majina, akavifungulia makumbusho mwaka 1936. Sori alisomea uchoraji, kisha akawa msaidizi wa Charlotte Perriand, mbunifu wa samani kutoka Ufaransa aliyealikwa Japani mwaka 1940. Mwaka 1954 akatoa Kigoda cha Kipepeo: vipande viwili vya plaiwudi vilivyokunjwa, vinavyofanana kabisa, vimeunganishwa kwa kijiti cha shaba na skrubu mbili. Basi! Mwaka 1957 kikapata dhahabu kwenye maonyesho ya Milan, Italia. Mpaka leo kinatengenezwa, na sio cha bei rahisi.

Tunajifunza nini?

1. Mkono kwanza, picha baadaye.
Yanagi hakutegemea mchoro tu. Alitengeneza mfano, akaushika, akaurekebisha, akaushika tena. Na wewe kabla ya kutupia picha, kalia kigoda chako. Cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Hiyo ni sifa, iseme. Ila ukikaa pembeni kinapinduka? Mrudishie fundi. Mti umekauka? Mti mbichi unapasuka ukishafika kwa mteja.

2. Eleza kinafanya nini.
Birika la Yanagi lina kitako kipana ili moto ushike eneo kubwa na maji yachemke haraka. Mteja anaelewa kwa sentensi moja. "Kizuri sana, karibuni" haimsaidii mtu. Andika kimo na upana kwa sentimita, aina ya mti, na nani anaweza kukikalia: mtoto au mtu mzima.

3. Fikiria safari.
Mwaka huohuo 1954 Yanagi alibuni kigoda kingine, cha Tembo, cha faiba, ambacho vinapangana kimoja juu ya kingine. Mzigo wako unapanda basi kwenda Babati, Arusha au Dar, na kikubwa kinakula nafasi. Ongea na msukaji atengeneze vikapu vitatu vya saizi tofauti vinavyoingiliana: kifurushi kimoja, mauzo matatu.

4. Usimkamue fundi.
Yanagi hakukunja plaiwudi peke yake. Alishirikiana na kiwanda cha Tendo Mokko, kilichokuwa na ujuzi wa kugandisha tabaka nyembamba za mbao kwa gundi, joto na mgandamizo. Bila wao kigoda kingebaki wazo. Fundi wako naye ukimpunja atakata kona: mti mbichi, msasa nusu, na lawama zitakuja kwenye simu yako, sio yake. Mlipe vizuri, na akikubali, mtaje kwenye tangazo.

5. Kikifanya kazi, kiache.
Umbo la Kipepeo halijabadilishwa kila msimu. Mteja akirudi baada ya mwaka akitaka "kile kile", kiwepo.

Yanagi alifariki Desemba 2011 akiwa na miaka 96. Kigoda chake bado kinauzwa.

Kazi ya wiki hii: chagua bidhaa moja tu, itumie nyumbani siku tatu, ndipo uandike tangazo lake upya. Umegundua kasoro gani ambayo picha haikuionyesha? Tuandikie hapa chini, wenzako wajifunze.