Betri ya Taa Isikae Ghalani

Siku hizi nyumba nyingi za Tawa zina taa za nguvu ya jua. Ndani ya taa hizo, kama ndani ya simu, mna betri ya lithiamu. Betri hii ni ndogo lakini ina nguvu nyingi, na ikiharibika yaweza kushika moto.

Adui yake mkubwa ni joto. Usiiweke juu karibu na mabati, wala ghalani penye magunia ya mahindi na mbaazi. Iweke chini, mahali pakavu penye kivuli, mbali na nyasi na mafuta ya taa. Ikiwa itakaa miezi bila kutumiwa, iache na chaji nusu hivi.

Ukiona imevimba au imepondeka, usiichaji wala usiitoboe. Itie katika ndoo ya mchanga mkavu, nje, mbali na watoto, kisha muulize aliyekuuzia itapokewa wapi. Usiitupe motoni wala chooni. Ikianza kutoa moshi, toeni watu wote nyumbani, kwa maana moshi huo ni sumu.

Mkulima, kumbuka: taa hununuliwa tena dukani, lakini ghala likiungua utangoja mvua nyingine.