Kiti cha kusukuma ao cha batri? Tuangalie kwanza mikono na barabara

Wakati mwenzetu anatoka lopitali, mugongo umevunjika chini ya jiwe, na kampuni inakubali kumupa kiti, familia karibu zote zinajibu mbio: cha umeme! Tunawaelewa. Kinaonekana kama heshima. Lakini sisi wa sindika tumefuata viti vingi hapa Kolwezi, na tunaomba mutu asitie sahihi mbele ya kufikiri.

Kwanza mikono. Jiwe likipiga mugongo wa chini, miguu inakufa lakini mabega na vidole vinabaki na nguvu. Huyu anaweza kujisukuma. Likipiga shingo, vidole havikamate tena: huyu anahitaji kabisa kiti cha batri, chenye kijiti cha kuongoza. Kumunyima ju ya bei ni kumufunga katika chumba. Na yule anayejisukuma, kisha miaka mabega yanaanza kumuuma. Munganga amuangalie tena, kiti kinaweza kubadilishwa.

Kisha umeme. Kiti cha namna hii kinabeba kwa kawaida batri mbili za volti 12, na zinaomba chaji kila usiku. Hapa kwetu kura inakatika, wakati mwingine siku nzima. Batri za risasi zikikaa bila chaji zinakufa, na hata zikitunzwa muzuri, siku moja zitaomba kubadilishwa. Nani atalipa? Kampuni moja ilitoa kiti cha umeme, na picha, na hotuba. Mwaka haukuisha, batri zilikufa. Mama wa nyumba akaenda kuomba mupya, wakamujibu zawadi ilikwisha kutolewa. Leo kile kiti wanaanikia nguo.

Tena ni kizito: vingine vinapita kilo 80. Kikizimika katikati ya matope ya mwezi wa kwanza, watoto hawawezi kukitoa. Kiti cha kusukuma ni kilo 15 ao 20 hivi, kinakunjwa, kinaingia katika taksi, na kama pine zake ni za kinga, fundi wa pale kwenye kona anaziziba. Ila mukatae vile viti vya lopitali vyenye magurudumu madogo mbele: vinazama katika muchanga.

Kuna na kigari cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono, kama kile wafanya biashara walemavu wa Goma wanapita nacho mupaka wa Gisenyi. Kinaenda mbali, kinabeba muzigo. Ndani ya nyumba hakiingie, basi bado inaomba kiti kingine.

Sasa jambo ambalo watu wanasahau, na njo lenye kuua: muto wa kukalia. Mwenye kukosa kusikia makalio hajui wakati ngozi inaoza. Kidonda kinaingia mpaka mufupa, damu inaharibika. Muto muzuri, na kujinyanyua kwa mikono kila nusu saa, asiyeweza, wamuinamishe. Kiti kipana sana kinamulaza upande mumoja, kifinyu kinamukata. Kwa hiyo apimwe yeye mwenyewe, kiti kisitoke tu katika depo.

Na wandugu, aksida ya kazi haiombewe huruma. Sheria Na. 16/009 ya tarehe 15/7/2016, ile ya CNSS, iko na sehemu nzima ya hatari za kazi. Sheria ya tarehe 3/5/2022 (Na. 22/003) inalinda haki za walemavu. Basi muombe kwa barua, mubakie na kopi yenye kashe: kiti, muto, pine, na kama ni cha umeme, batri za kubadilisha na jina la fundi.

Mbele ya kupeleka barua, mupime milango yote ya nyumba. Kiti cha batri kinaweza kuwa na upana wa sentimita 65, na mulango wa choo mara nyingi njo mufinyu kuliko yote.