Vuli ya Mediterania na Biashara ya Kuuza Nafasi

Meli ya kitalii ikifika Santorini haifungi gati, kwa sababu chini ya mji wa Fira hakuna gati la kuitosha. Inasimama katikati ya ghuba, ndani ya shimo la volkano ambalo bahari imelijaza, na mashua za wenyeji huenda kuwachukua abiria na kuwaleta bandari ya zamani. Hapo mgeni ana njia tatu za kupanda mjini: ngazi 588, mgongo wa nyumbu, au vigari vya kebo ambavyo kisiwa kilizawadiwa na mwenye meli wa huko huko, Evangelos Nomikos. Meli ikiwa na watu 3,000, foleni ya kebo hujikunja hadi karibu na maji, jua likiwa utosini, na mtu anaweza kumaliza sehemu nono ya siku yake akiwa amesimama. Meli ikiwa na watu 700, na mwezi ukiwa Oktoba, mgeni anashuka kwenye mashua, anapanda kebo, na punde si punde yuko juu mbele ya kikombe chake cha kahawa.

Tofauti kati ya asubuhi hizo mbili ndiyo bidhaa ya meli za kifahari zinazozunguka pwani na visiwa vya kusini mwa Ulaya kila vuli. Chakula kizuri kinapatikana hata hotelini, na mashuka laini vilevile. Kinacholipiwa fedha nyingi ni nafasi: nafasi ndani ya meli, na nafasi katika bandari zinazotembelewa. Ya kwanza huundwa kiwandani. Ya pili inatoka kwa wenyeji, na sasa wameanza kuidai bei.

Tuanze na ile ya ndani. Silver Nova ya kampuni ya Silversea ina tani za ujazo zipatazo 54,700, yaani kipimo cha ukubwa wa ndani ya meli na si uzito wake, na inabeba abiria 728. Kila mmoja anapata takriban tani 75. Icon of the Seas, jitu la Karibi, ina tani 248,663 na abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa chumba. Mgawo wao ni tani 44. Wahudumu nao ni hivyo hivyo. Silver Nova ina mabaharia na wahudumu 556, karibu wanne kwa kila abiria watano. Hesabu za biashara pia zinatofautiana. Meli kubwa hukuuzia kitanda kwa bei nafuu, kisha ikapata faida yake kwenye baa, kasino na maduka. Ya kifahari humtoza mtu mapema, dola mia kadhaa kwa kichwa kwa usiku mmoja, vyumba vya juu vikipita elfu, na humo mna chakula, mvinyo na bakshishi. Mgeni akikanyaga ngazi ya meli, sehemu kubwa ya fedha imekwisha kuingia kwenye vitabu.

Kwetu vuli ni mvua za kuanzia Oktoba. Huko ni majira ya baada ya kiangazi, Septemba hadi Novemba, na kwa biashara hii ni miezi ya dhahabu. Upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi, unaowasumbua manahodha wa bahari ya Aegean Julai na Agosti, huwa umepungua. Joto la nchi kavu limeshuka, lakini maji bado yana fukuto la kiangazi. Oktoba bahari ya Ugiriki bado iko juu ya nyuzi 20. Zabibu zinavunwa, zeituni zinafuata. Watoto wamerudi shuleni, na pamoja nao wazazi wanaotafuta bei ya familia. Wanaobaki ni wastaafu wenye fedha na wenye muda, na watu wa aina hiyo hawaoni tabu kulipia siku 10 au 14.

Wazo la kuifuata hali ya hewa kwa meli ni la zamani. Januari 1891, Albert Ballin wa kampuni ya Hamburg-Amerika aliitoa meli Augusta Victoria bandari ya Cuxhaven na kuipeleka Mediterania ikiwa na abiria 241. Hakuwa na mapenzi ya pekee na magofu ya Ugiriki na Roma. Wakati wa baridi abiria wa Atlantiki ya Kaskazini walipungua, na meli iliyokaa bure ilikuwa inamla. Watu wa pwani yetu hawana haja ya kufundishwa jambo hilo: majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa mantiki ile ile, kwamba chombo kinafuata majira na gharama yake haisubiri.

Leo walio wengi katika soko hili la juu wako mikononi mwa vigogo wachache. Royal Caribbean Group ilinunua theluthi mbili ya Silversea mwaka 2018 na kuimalizia mwaka 2020. Seabourn ni ya Carnival. Regent na Oceania ni za Norwegian Cruise Line Holdings. Familia ya Aponte, wenye MSC na makontena yanayoonekana kila bandari duniani, iliingia mwaka 2023 kwa Explora I, meli ya abiria 922. Viking ya Torstein Hagen ilipeleka hisa zake kwenye soko la New York Mei 2024. Mtu wa kumwangalia kwa makini, kwa maoni yangu, ni Manfredi Lefebvre d'Ovidio. Familia yake ya Roma ndiyo iliyoanzisha Silversea mwaka 1994. Alipokwisha kuiuza, Genting Hong Kong, mmiliki wa kampuni ya meli za kifahari ya Crystal, ikaanguka Januari 2022 na meli mbili za Crystal zikawa hazina mwenyewe. Kundi lake likazinunua mwaka huo huo, na mwaka 2023 zilikuwa baharini tena. Aliuza soko likiwa juu, akanunua wakati wengine wanauguza vidonda vya mwaka 2020, mwaka ambao meli zote zilisimama na deni la Carnival likaanza kupanda hadi kupita dola bilioni 30.

Wenye hoteli nao wamejitosa, na bahari imewafundisha bei ya kuingia. Ritz-Carlton ilitarajia kuanza safari za meli yake ya kwanza, Evrima, mwaka 2020. Kiwanda cha Barreras huko Vigo, Hispania, kilizidiwa na madeni, na tarehe zikawa zinasogezwa kila mara. Meli ikang'oa nanga Barcelona kuelekea Nice katikati ya Oktoba 2022. Wanaoweza kuunda vyombo vya namna hii ni wachache mno: Fincantieri ya Italia, Chantiers de l'Atlantique ya Ufaransa, Meyer ya Ujerumani. Meyer yenyewe, ikiwa na oda tele, iliishiwa fedha za kuendeshea kazi, na Septemba 2024 serikali ya Ujerumani na jimbo la Niedersachsen zikachukua takriban asilimia 80 ya hisa.

Sasa nafasi ya pili, ile ya nje. Juni 2019, MSC Opera ilishindwa kusimama katika mfereji wa Giudecca mjini Venice, ikagonga gati na mashua ya watalii iliyokuwa imefungwa hapo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2021 Italia ikapiga marufuku mfereji huo kwa meli zenye zaidi ya tani za ujazo 25,000, au urefu unaozidi meta 180, au kimo kinachopita meta 35. Nyingi zikahamia Marghera, Ravenna na Trieste. Evrima, kwa urefu wake wa meta 190, inazidi kikomo cha urefu kwa meta 10. Meli ndogo za kampuni kama Ponant au SeaDream bado zinaweza kupita. Dubrovnik ilikubaliana na wenye meli mwaka 2019: meli mbili kwa wakati mmoja, basi. Cannes, kuanzia Januari 2026, bandari yake inataka meli zisizozidi abiria 1,000. Kwa hesabu hiyo Explora I inaruhusiwa, na nyingi za kampuni ndugu yake MSC haziruhusiwi.

Kwa hiyo sheria zilizotungwa kuwapunguzia wenyeji msongamano zimeyapa makampuni ya kifahari zawadi ambayo hayakuiomba. Udogo umekuwa leseni. Bandari ambayo meli ya watu 4,000 haiwezi tena kuingia inaongeza thamani ya tiketi ya meli ya watu 300. Sisemi sheria hizo ni mbaya. Mtu aliyeona mji mdogo ukijaa pomoni saa nne asubuhi na kubaki mtupu saa kumi na moja jioni anajua zilichelewa. Nasema thamani hiyo mpya imeundwa na mji, na mji ndio unaopaswa kulipwa kwanza.

Ugiriki imejaribu. Santorini ina wakazi wapatao 15,000; mwaka 2023 ilipokea meli za kitalii takriban 800 na abiria milioni 1.3. Tangu mwaka 2025 abiria wa meli hawaruhusiwi kuzidi 8,000 kwa siku, na tangu Julai mwaka huo kila anayeshuka analipiwa tozo. Santorini na Mykonos ni yuro 20 kuanzia Juni hadi Septemba, 12 mwezi Oktoba, na 4 kuanzia Novemba hadi Machi. Bandari nyingine ni 5, 3 na 1. Serikali imeiweka kalenda yenyewe sokoni, jambo ambalo wenye meli walikuwa wakilifanya peke yao kwa miongo mingi.

Lakini piga hesabu. Meli ya watu 3,000 ikishusha wote Santorini mwezi Oktoba inaacha yuro 36,000. Silver Nova iliyojaa inaacha 8,736. Yule aliyelipa dola 100 kwa usiku na yule aliyelipa 900 wanatozwa yuro 12 zile zile. Kwa wa kwanza ni sehemu inayoonekana ya bajeti yake. Kwa wa pili haifiki bei ya chupa ya mvinyo aliyoiacha nusu mezani. Tozo inayofuata bei ya tiketi ingekuwa ya haki zaidi, na sioni ugumu wa kuihesabu, kwa kuwa kampuni inaijua bei ya kila chumba hadi senti ya mwisho.

Moshi umeanza kutozwa kwa namna inayokaribia haki hiyo. Tangu tarehe 1 Mei 2025 Mediterania nzima inataka mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.1. Umoja wa Ulaya nao unadai vibali vya hewa ya ukaa: asilimia 40 ya kilichotolewa mwaka 2024, 70 ya mwaka 2025, na yote kuanzia 2026. Hapa nafasi ya ndani inajilipia, kwani meli yenye watu wachache kwa ukubwa wake huchoma mafuta mengi zaidi kwa kila kichwa.

Vuli ina hatari zake, na hizo haziwaangukii wote sawasawa. Septemba 2020 dhoruba iliyopewa jina Ianos ilipiga Kefalonia, Ithaca na Zakynthos kwa nguvu zilizowakumbusha watu vimbunga vya kitropiki. Hata bila dhoruba, wimbi la wastani linatosha kuzuia mashua kusogea ubavuni mwa meli, na nahodha akaamua kuipita bandari. Ana haki, usalama hauna mjadala. Abiria anarudishiwa ushuru wa bandari na anapewa siku ya kupumzika kando ya bwawa. Mwenye mashua, dereva wa basi na mwongoza watalii aliyeamka alfajiri wanabaki wakiitazama meli ikipita upeoni. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa meli anaweza kufika mpaka machoni pa mwenyeji na bado asishuke.

Wanaoifanya starehe hiyo iwezekane ndani ya meli hutoka zaidi Ufilipino, Indonesia na India. Kenya nayo imekuwa ikipeleka vijana wake katika meli za MSC, na kwa familia nyingi za Mombasa kazi ya melini ni jambo linalojulikana kwa karibu. Kiwango cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye ujuzi kilichokubaliwa chini ya Shirika la Kazi Duniani kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025, na mkataba wa kimataifa unamhakikishia mapumziko ya saa 10 kati ya 24. Dola 673 ni kama usiku mmoja wa abiria anayemhudumia.

Mwishoni mwa vuli meli zinatawanyika. Nyingi huvuka Atlantiki kwenda Karibi. Nyingine zilizoea kupita Suez kwenda Dubai na India, hadi mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023. MSC ilifuta safari zake za abiria za Aprili 2024 kwa njia hiyo, meli zikarudi Ulaya bila wageni. Zinazoikwepa Suez zinaweza kupita kwetu. Mombasa imejenga jengo la abiria wa meli za kitalii, Zanzibar haina haja ya kutangazwa, na Januari 2024 Norwegian Dawn ilizifikia bandari zetu ikiwa na zaidi ya abiria 2,000. Meli za kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema zipo. Mpangaji wa ratiba huko Miami au Monaco anataka kujua mapema gati lipo lini, rubani yupo, na ada ni kiasi gani, kwa sababu safari zake huziweka sokoni mwaka mmoja na nusu au miwili kabla. Santorini wamelijua hilo kwa kuumia: tiketi ya Oktoba huuzwa wakati mizeituni ya mwaka huo haijatoa hata ua, na mwenye mashua hupata riziki yake siku meli inapofika.