Maswali Manne ya Kumwuliza Mwanahistoria: Kuitazama Dunia Kutoka Mlango wa Ruvuma



Mwanahistoria akitutembelea, awe mgeni wa semina au mwalimu wa chuo kikuu, maswali yetu huwa yale yale: nani alikuwa wa kwanza, ilikuwa mwaka gani, nani alishinda. Anajibu, tunaandika daftarini, na mazungumzo yanaishia hapo. Mtaalamu anaondoka na hazina yake karibu yote, kwa kuwa hatukumwuliza.

Katika makala hii tunaeleza maswali manne yanayoweza kuifungua hazina hiyo. Mifano yote tumeichukua huku kusini, Mikindani, Ruvuma na maeneo ya jirani. Anayedhani kwamba historia ya dunia iko Roma, London na Berlin tu bado hajaitazama vizuri pwani yetu.

1. Nani mwingine alikuwepo?

Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika mlango wa Ruvuma. Mikoko ilimzuia kupitisha ngamia wake, akaenda kushukia Mikindani. Mwanzoni mwa Aprili akaanza safari ya bara ambayo hakurudi kwayo akiwa hai. Habari hii inajulikana na wengi.

Sasa tumwulize mwanahistoria: alikuwa na nani? Shajara ya Livingstone mwenyewe inajibu. Alikuwa na askari 13 wa Kihindi kutoka Bombay, watu 10 wa kisiwa cha Nzwani huko Komoro, vijana 9 waliosomea Nasik nchini India, watu wawili wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na vijana wawili Wayao, Wekatani na Chuma. Wale wa Nasik walikuwa Waafrika waliookolewa utumwani, wakavushwa bahari hadi India na kusomeshwa na wamisionari wa Kianglikana, kisha wakarudi Afrika kwa njia ya Mikindani.

Kwa swali moja tu, habari ya mzungu mmoja imekuwa habari ya Bahari ya Hindi nzima: biashara ya utumwa, dola ya Waingereza, misheni na watu waliojaribu kurudi kwao. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma pamoja na Abdallah Susi, aliyetoka Shupanga, walikuwa viongozi wa msafara uliobeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Anayekumbuka jina la marehemu na kuyasahau ya waliombeba ameisoma nusu tu ya habari.

2. Nani aliuchora mstari, na nani hakuulizwa?

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka kati ya makoloni yao. Baadaye Wajerumani walidai kwamba karibu na bahari mpaka unapita kusini ya mto, na mwaka 1894 wakaikalia Kionga pamoja na kipande cha ardhi kuizunguka. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, Wareno walikiteka kipande hicho. Mwaka 1919, katika mkutano wa amani wa Paris, wakubwa wa dunia waliamua kuwaachia Wareno. Tangu hapo mpaka ukafuata mto hadi baharini.

Mwalimu wa shule huweza kuisoma habari hii kwa dakika tano na kuifuta ubaoni. Lakini tukimwuliza mtaalamu ni nani ambaye hakuulizwa, picha inabadilika. Wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wa pande zote mbili walikuwa na ndugu, mashamba na makaburi ng'ambo ya mto. Wamakonde wako Tanzania na wako Msumbiji, na Wamakua vilevile. Ndiyo maana miaka ya 1960, vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji, maelfu ya wakimbizi walivuka kuja upande wetu na wengine wakapokelewa na watu wanaosema lugha yao. Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, limewaunganisha tena watu waliotengwa na kalamu.

3. Hesabu hii imetoka wapi?

Idadi ya waliokufa huaminiwa upesi kwa sababu ni tarakimu. Hapa ndipo tunapomhitaji zaidi mtaalamu.

Tuchukue Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905 na kufika hadi mabonde ya huku kwetu. Utawala wa Kijerumani ulikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alifikia makadirio ya watu 250,000 hadi 300,000. Tofauti ni kubwa mno. Mwenye boma aliyechoma mashamba na maghala hakuwa na sababu ya kuhesabu vizuri walioangamia kwa njaa miezi mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Mfano wa pili unakwenda kinyume chake. Tarehe 16 Juni 1960, huko Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala. Miongoni mwa viongozi wao walikuwemo Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wametoka Tanganyika kwenda kudai haki za watu wao. Masimulizi ya FRELIMO yalitaja watu 600 waliouawa. Mwanahistoria Mfaransa Michel Cahen, aliyechunguza nyaraka za utawala wa Kireno, aliona kwamba idadi ilikuwa ndogo sana kuliko hiyo.

Je, hilo linaupunguza uovu wa siku ile? Hapana. Mtu mmoja aliyeuawa akidai haki anatosha kumshtaki aliyemwua. Lakini mifano hii miwili inatufundisha kwamba mtawala huweza kupunguza na mwenye kupigania haki huweza kuongeza. Kumpenda mnyonge hakutuondolei wajibu wa kuhesabu sawasawa.

4. Je, tuko tayari kulisikia jibu?

Swali hili tunajiuliza wenyewe kabla ya kumwuliza mtaalamu, na linatugusa kama Kanisa.

Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa njiani kuelekea Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Siku chache baadaye misheni za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianzisha Ndanda. Tumelelewa na habari hizi, na ni haki tuwaombee na kuwakumbuka waliotoa maisha yao.

Ila mwanahistoria atatuongoza hatua moja zaidi. Atatueleza kwamba machoni pa wapiganaji wengi, misheni na boma zilikuwa kitu kimoja: wageni wale wale, lugha ile ile, bendera ile ile. Kisha atatuonyesha vijiji vilivyochomwa kulipiza kisasi na familia zilizokufa njaa, ambazo majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote. Watano wale tunawajua kwa majina. Je, wale maelfu tumewahi kuwaombea Misa?

Papa Leo XIII aliwafungulia wataalamu hifadhi ya nyaraka za Vatikano mwaka 1881, na mwaka 1883 aliandika kuhusu masomo ya historia akikumbusha msemo wa kale: mwandishi wa historia asithubutu kusema uongo, wala asiogope kusema kweli. Papa Yohane Paulo II, katika Jubilei ya mwaka 2000, aliomba hadharani msamaha kwa makosa ya wana wa Kanisa. Hawakuona kwamba kweli italibomoa Kanisa.

Mtaalamu mwingine yuko barazani

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji, katika mradi ulioongozwa na Gwassa pamoja na John Iliffe. Wazee hao hawakuwa na shahada, lakini bila wao tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Sisi tulijifunza jambo hili kwa kukosea. Tulimwamkia babu mmoja, naye akatuitikia kwa furaha, kisha tukamrushia swali: "Ilikuwa mwaka gani, babu?" Akanyamaza. Tulipouliza ni jando la nani lililokuwa limetoka wakati ule, alizungumza hadi jua likazama.

Basi, anayetaka kuanza afanye hivi. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Aulize kila mara, "Uliona mwenyewe au ulisimuliwa?" Atafute msimulizi wa pili, hasa wa ukoo au dini nyingine. Arudi kumsomea mzee alichoandika, amsahihishe. Kisha, kwa idhini ya paroko, alinganishe na vitabu vya parokia, ambamo jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi na kijiji husema mengi kuhusu nani alihama, lini na kutoka wapi.

Muda hautungoji. Aliyekuwa na miaka 20 vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 sasa amevuka 80. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wako waliovuka Ruvuma usiku na mtoto mgongoni, na wako waliowafungulia mlango. Kila mazishi ya mmoja wao, tunamsomea wasifu wa dakika tatu, na mengine yote anaondoka nayo.

Likizo ijayo, tuwaendee kabla hatujaitwa kuwazika.