Baba akiacha kutuma pesa za mtoto, rudi kortini

NI Julai, baridi ya Nyeri imebana, na mtoto mwenye pumu amemaliza dawa yake ya kuvuta. Kabatini mama ana karatasi ya korti inayosema baba atatoa chakula, karo na matibabu kila mwezi. Baba alilipa miezi minne, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Visa kama hiki si vigeni kuanzia Karatina hadi Nanyuki. Mama huenda kukopa dawa, ilhali karatasi ile ina nguvu. Tatizo ni kwamba agizo halijitekelezi. Hakimu hatajua umeachwa mpaka umwambie.

Rudi kwenye Korti ya Watoto iliyotoa agizo, ukiwa na namba ya kesi, jumbe za M-Pesa zinazoonyesha ni lini pesa zilikoma, na risiti za hospitali. Unaweza kujisimamia bila wakili. Baba ataitwa aeleze kwa nini hajalipa. Asipokuwa na sababu, korti yaweza kuagiza mwajiri wake akate sehemu ya mshahara, mali yake iuzwe, au afungwe. Kifungo hakifuti deni. Akitoka bado analidaiwa.

Mkulima wa chai wa Othaya au Tetu hana hati ya mshahara, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Mwelezee hakimu mapato hayo tangu mwanzo, kwani agizo la kila mwezi lisilolingana na mfuko wa mtu huvunjika upesi.

Baba naye asikie. Ukifutwa kazi au ukiugua, usinyamaze. Peleka ombi kortini agizo libadilishwe, pamoja na barua ya kuachishwa kazi au ya daktari. Ukijipunguzia mwenyewe, malimbikizo yanaendelea kuhesabiwa kwa kiwango cha zamani. Mama pia anaweza kuomba nyongeza, mathalani mtoto akiingia sekondari au akigunduliwa kuwa na maradhi ya kudumu. Hapo barua ya kliniki yenye gharama za dawa hufaa kuliko machozi.

Kisingizio cha “hatukuoana” hakina uzito. Mwaka wa 1969 Bunge lilifuta sheria iliyowawezesha akina mama wasioolewa kudai matunzo, na watoto wengi wakaumia. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imewapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 yasema vivyo hivyo. Akikana mtoto, korti inaweza kuagiza uchunguzi wa DNA.

Mkipatana mbele ya afisa wa watoto, ni vyema, tena huokoa muda. Lakini hakikisheni makubaliano yanaingizwa kwenye faili ya korti, na matibabu yatajwe humo waziwazi: nani atanunua dawa, na kufikia tarehe gani ya mwezi.