Mnara Upo, Lakini Je, Habari Inafika?



Katika toleo hili tunazungumza juu ya ramani ya minara ya simu. Wengine watasema hiyo ni kazi ya mafundi na makampuni. Lakini familia iliyowahi kukimbia usiku inajua kwamba mahali penye mtandao, ambao wengi wetu tunauita rezo, panaweza kuokoa watu. Habari ikifika mapema, wazee na watoto wanaondoka kwa wakati. Ikichelewa, inabaki kuwa habari ya maombolezo.

Tunataka tuelewane juu ya jambo moja: ramani ya minara iliyoandikishwa ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Inaonyesha mahali chuma kiliposimamishwa. Haionyeshi mahali mama anapoweza kupiga simu akasikika. Sehemu hiyo ya pili ni sisi wenyewe tunaoweza kuijaza.

Orodha ya minara inasema nini

Kampuni ya simu haitumii mawimbi bila ruhusa ya serikali. Nchini Kongo, kazi ya kusimamia mawasiliano ilipewa mamlaka ya ARPTC, iliyoundwa kwa sheria namba 014/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria ya mawasiliano ilitengenezwa upya tarehe 25 Novemba 2020, kwa sheria namba 20/017.

Kwa kawaida mnara ukiandikishwa, huonyeshwa mahali ulipo, urefu wake na mwenyewe. Mahali huandikwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Bukavu, kwa mfano, iko karibu na digrii 2.5 kusini ya Ikweta na digrii 28.9 mashariki. Mwandishi akisahau kuonyesha kwamba ni kusini, mnara wa Bukavu utahamia kaskazini ya Ikweta, zaidi ya kilomita 500 kutoka mahali pake. Kwa hiyo ramani yoyote ionyeshwe kwanza kwa wenyeji kabla ya kuaminiwa.

Tena, minara iliyoandikishwa si lazima iwe minara yote. Huko Marekani sheria inadai kuandikisha minara inayozidi futi 200, yaani karibu mita 61, pamoja na baadhi ya ile iliyo karibu na viwanja vya ndege. Mingi iliyo mifupi haimo katika orodha hiyo. Mnara mmoja pia unaweza kubeba antena za makampuni mawili au matatu, hivyo anayehesabu antena na anayehesabu minara hawapati jumla moja.

Ziko pia ramani zinazotokana na simu za watu, kama OpenCelliD. Hapo alama ni makadirio tu, kutokana na mahali simu ziliposikia mnara. Kama simu nyingi zilipita barabarani, alama inavutwa kuelekea barabara, na kijiji cha ndani kinasahauliwa.

Milima, msitu na mpaka

Tuchukue jimbo la Kivu Kusini. Lina zaidi ya kilomita mraba 65,000 na maeneo nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Shabunda peke yake, pamoja na msitu wake, ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo.

Mnara wa kawaida wa GSM hauhudumii simu iliyo mbali kupita kilomita 35 hivi, hata kwenye nchi tambarare. Milimani ni pungufu sana. Mawimbi hayapandi mlima na kushuka upande wa pili kama mtu anavyofanya. Kijiji kilicho nyuma ya kilima kinakaa kwenye kivuli, ingawa kwenye ramani kiko karibu na mnara. Ndiyo maana katika milima ya juu ya Fizi, Mwenga na Uvira mtu anaweza kutembea muda mrefu akitafuta mahali pa kupigia simu.

Mnara nao unakula. Unahitaji mafuta ya jenereta, betri au umeme wa jua. Barabara ikifungwa na vita au na mvua, mafuta hayafiki, na mnara unanyamaza huku ukiendelea kuhesabiwa katika orodha.

Karibu na mpaka kuna jambo lingine. Simu iliyo Idjwi au ufukweni mwa Ziwa Kivu inaweza kushika rezo ya Rwanda, na iliyo Uvira ikashika ya Burundi. Namba ya nchi katika mitandao ya Kongo ni 630, ya Rwanda ni 635, ya Burundi ni 642. Simu ikihamia mtandao wa jirani, gharama inapanda na mara nyingi namba fupi za msaada hazipiti.

Mwishoni kuna uamuzi wa wakubwa. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini pamoja na ujumbe mfupi, na hali hiyo ilidumu karibu majuma matatu. Minara ilikuwa imesimama mahali pake.

Tujifunze kwa waliotutangulia

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha katika Kivu Kusini mpango ulioitwa Voix des Kivus, ambao ulifikia vijiji 18. Katika kila kijiji watu watatu walipewa simu: chifu, kiongozi wa akina mama, na mtu aliyechaguliwa na wanakijiji. Walituma habari kwa ujumbe mfupi wakitumia namba zilizokubaliwa. Tunapenda hekima hiyo ya watu watatu, kwa sababu habari ya kijiji haikukaa mkononi mwa mtu mmoja.

Namna ya kutengeneza ramani yenu

1. Chukueni karatasi kubwa. Choreni njia, mito, vilima, shule, kituo cha afya na minara mnayoiona.

2. Pimeni rezo kwa miguu: kisimani, sokoni, mashambani, na hasa kwenye njia za kukimbilia. Akina mama na vijana washiriki, maana wanapita mahali ambapo viongozi hawapiti.

3. Kila kampuni iwe na alama yake. Andikeni panapopita sauti, panapopita ujumbe mfupi tu, na pasipopita kitu. Mara nyingi ujumbe mfupi hupita pale ambapo sauti inakatika.

4. Pimeni mchana na usiku, kisha andikeni tarehe. Ramani isiyo na tarehe inadanganya.

5. Kwa kila mahali pasipo rezo, kubalianeni mapema nani atakwenda kilimani, na ni ishara gani itakayotumika simu ikinyamaza: ngoma, kengele au filimbi.

Familia zilizohama zifanye vivyo hivyo zinapofika mahali papya. Kujua rezo inayofika hapo kunasaidia kutafuta jamaa waliopotezana, na kupokea msaada unapotumwa kwa simu.

Tahadhari

Ramani hii isiandikwe majina wala namba za wanaotuma habari. Laini ya simu huandikishwa kwa jina la mtu, na mwenye silaha akiipata karatasi hiyo atajua wa kumtafuta. Msiibandike ukutani. Wekeni nakala mbili kwa watu wawili wanaoaminika na pande zote za jamii. Ramani iliyo ya kabila moja tu italeta mashaka badala ya amani.

Maswali ya kujadiliana

Je, katika kijiji au kambi yetu, ni wapi pasipofikiwa na rezo? Nani anakaa huko? Usiku wa leo hatari ikitokea, atapata habari kwa njia gani? Na tukituma habari, nani ameahidi kuipokea na kujibu?

Swali hilo la mwisho mpelekeeni kila shirika na kila mkuu wa eneo anayewatembelea. Ombeni jibu lenye jina la cheo na namba ya kupigia, kisha ijaribuni namba hiyo kabla ya siku ya hatari.