Maji ndani ya mtungi wa kompresa: Kwa nini fundi uyamwage kila jioni

Pita kijiwe chochote cha pancha Dar es Salaam, utaikuta. Mtungi mwekundu au wa bluu, mota juu yake, mpira mrefu wa upepo chini. Ukienda Keko kwa mafundi samani ipo, kwenye gereji za Gerezani ipo, car wash ya mtaani kwako pia ipo.

Kompresa imekuwa kama jiko la fundi. Bila hiyo hakuna kazi.

Lakini waulize mafundi 10 swali moja tu: mara ya mwisho umefungua lini ile koki ndogo chini ya mtungi? Wengine watakuambia wiki iliyopita. Wengine watacheka. Na wapo watakaouliza, "Koki ipi?"

Hiyo koki ndiyo habari yetu ya leo, kwa sababu inaweza kuamua kama mtungi utadumu miaka mingi au utapasuka siku moja watu wakiwa pembeni.

Maji yanatoka wapi?

Hakuna aliyemimina maji kwenye mtungi. Yanatoka kwenye hewa yenyewe.

Hewa tunayovuta ina mvuke wa maji, na ukanda wa pwani kama Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa una mvuke mwingi zaidi. Ndiyo maana nguo zinachelewa kukauka hata kama kuna joto.

Kompresa inavuta hiyo hewa na kuibana. Hewa ikibanwa inapata moto, halafu inapoa ndani ya mtungi. Hewa iliyobanwa na kupoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuja nao. Unaozidi unageuka maji, na maji yanakaa chini.

Tupige hesabu kidogo. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 80, mita 1 ya ujazo ya hewa inabeba takribani gramu 24 za maji. Ukiibana hadi presha ya bar 8 na ikapoa, inabaki na uwezo wa kubeba gramu 3 na ushee tu. Yaani karibu gramu 20 zinabaki kwenye mtungi.

Kompresa ndogo inayovuta lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi jumla ya saa 3 kwa siku, inapitisha mita 36 za ujazo. Hata tukisema sehemu ya maji inatoka na upepo, bado nusu lita inaweza kubaki chini ya mtungi. Kwa siku moja tu.

Usipoyamwaga kwa mwezi, fundi, una ndoo humo ndani.

Kutu inakula kimyakimya

Mitungi mingi imetengenezwa kwa chuma cha kawaida. Nje kina rangi, ndani mara nyingi kiko wazi. Maji yakikaa pale chini, kutu inaanza kukila.

Ubaya wake ni kwamba huioni. Nje mtungi unang'aa kama mpya, ndani umekuwa mwembamba kama kopo. Ukianza kuona doa la kutu kwa nje, au upepo unavuja kwenye tundu dogo kama la sindano, kutu imeshamaliza kazi yake.

Hapo kuna kosa linalofanyika sana: kupeleka mtungi kwa mchomeleaji azibe tundu. Usifanye hivyo. Tundu moja maana yake eneo lote la jirani limekwisha. Mchomeleaji anaweka kiraka kizito juu ya karatasi, na moto wa kuchomelea unazidi kudhoofisha chuma cha pembeni. Mtungi uliotoboka kwa kutu ni chuma chakavu, basi.

Bar 8 ni nguvu kiasi gani?

Watu wanaidharau hewa kwa sababu haionekani. Sasa tazama hili.

Bar 8 maana yake kila sentimita 1 ya mraba ya mtungi inasukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 8 hivi. Chukua mfuniko wa pembeni wa mtungi wenye upana wa sentimita 36. Unasukumwa na zaidi ya tani 8. Kinachouzuia usiruke ni chuma na mshono wa kiwandani peke yake.

Mtungi wa lita 100 ukiwa umejaa, nguvu iliyohifadhiwa ndani yake, kwa makadirio, ni kama ya gari dogo la tani 1 linalokimbia kilomita 50 kwa saa. Ukipasuka, nguvu yote hiyo inatoka kwa mara moja.

Na nani anakuwa karibu? Mara nyingi si mwenye ofisi. Ni dogo anayejifunza kazi, aliyeambiwa akae pale awashe na kuzima.

Walinzi watatu wa mtungi

Kompresa nzima ina vitu vitatu vya kuilinda. Vifahamu.

*1. Swichi ya presha.* Ndiyo inayozima mota presha ikifika juu, mfano bar 8, na kuiwasha ikishuka, mfano bar 6. Ukisikia "pshii" fupi mashine inapozima, usiogope. Inatoa upepo uliobaki kwenye bomba la juu ili mota isipate tabu kuwaka tena. Ila hiyo sauti ikiendelea bila kukoma, vali ya kuzuia upepo usirudi imechoka au ina uchafu.

*2. Vali ya usalama.* Ni kile kidude cha shaba chenye pete ndogo. Swichi ikishindwa kuzima, vali hii inafunguka yenyewe na kutoa upepo. Vaa miwani ya kazi, vuta pete mara moja kwa wiki mtungi ukiwa na presha. Ikitoa upepo na kufunga vizuri, iko salama. Ikigoma kufunguka, nunua nyingine kabla ya kuendelea na kazi. Kuna watu wanaiziba na bolti kwa sababu "inavujisha upepo". Huko ni kumfunga mlinzi kamba na kulala mlango wazi.

*3. Geji.* Geji iliyovunjika kioo au iliyokwama namba moja haikuambii kitu. Bila geji unafanya kazi kwa kubahatisha.

Upepo si wa kuchezea

Hili liseme kwa sauti ofisini kwako. Usimpulizie mwenzako upepo wa kompresa, hata kwa utani.

Upepo wa presha ukiingia mwilini unaweza kupasua utumbo kwa sekunde chache. India kumeripotiwa vifo vya watu waliofanyiwa "utani" huo na wafanyakazi wenzao. Sikioni unapasua ngoma ya sikio. Machoni unapeleka vumbi na chembe za chuma kwa kasi kubwa.

Kujipuliza vumbi kwenye nguo baada ya kazi nako ni tabia ya kuacha. Sheria za usalama kazini za Marekani zinataka upepo wa kusafishia vitu usizidi psi 30, yaani kama bar 2, na uwe na kinga dhidi ya chembe zinazoruka. Mtungi wako uko bar 8, na wewe unaupeleka kifuani. Tumia brashi.

Tairi za lori, simama pembeni

Tairi la gari dogo linajazwa psi 30 hadi 35 hivi. La lori linaweza kufika psi 100 na zaidi, tena lenyewe ni kubwa. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoumia.

Hatari zaidi ni zile ringi za vipande, zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete isipokaa vizuri, upepo unairusha kama risasi. Tairi la namna hiyo lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu na kishikio cha kung'ata chenyewe kwenye vali, wewe ukiwa umesimama pembeni. Kamwe usiinamie tairi linalojazwa.

Zana nazo zina njaa ya oili

Bunduki ya kufungulia nati na msasa wa upepo vina kitu kinachozunguka ndani kwa kasi kubwa. Vikikauka vinasagika. Dondoshea matone 3 au 4 ya oili ya zana za upepo kwenye mdomo wa kuingizia upepo kabla ya kuanza kazi, halafu izungushe kidogo.

Bunduki ya rangi ni kinyume chake. Hiyo haitaki oili wala maji. Tone moja likipita, rangi inajaa vijishimo na mteja anakurudishia mlango wake. Ndiyo maana wapaka rangi wanafunga chujio la maji kwenye laini ya upepo.

Zana nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye psi 90 hivi, kama bar 6. Kuipa bar 8 haimaanishi itafanya kazi vizuri zaidi. Inaisha haraka tu. Weka regyuleta, bei yake haifikii ya bunduki mpya.

Na ukifunga nati za tairi kwa bunduki, malizia kwa spana ya mkono. Bunduki inakaza kupita kiasi, na siku dereva akipata pancha njiani hatazifungua.

Mpira unavuja, Luku inakimbia

Ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana, hakuna anayetumia upepo, lakini kompresa inawaka yenyewe kila baada ya muda. Unavuja mahali.

Mota ya farasi 2 inakula kama kilowati 1.5. Ikiwaka dakika 15 za bure kila saa kwa saa 8, ni uniti 3 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 78. Hizo umezinunulia hewa inayorudi mtaani.

Kupata mvujo ni rahisi. Koroga sabuni na maji, pakaza kwenye viungio, koki na maungio ya mpira. Panapotoa mapovu ndipo penyewe. Zima, toa upepo wote, fungua, zungushia tepu ya nyuzi, kaza tena.

Na mabomba je? Usitumie bomba la plastiki la maji kupitisha upepo ukutani. Likipasuka linatoa vipande vyenye ncha kama vya chupa. Tumia mpira au bomba la upepo lenye presha iliyoandikwa.

Nyaya pia ziangalie. Ekstensheni ndefu na nyembamba inapunguza nguvu ya umeme, mota inahangaika kuanza na mwisho inaungua. Afadhali urefushe mpira wa upepo kuliko waya.

Ratiba ya kubandika ukutani

*Kila asubuhi:* Angalia oili kwenye kioo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, badilisha.

*Kila jioni:* Zima umeme. Tumia upepo hadi ubaki kidogo. Fungua koki ya chini polepole, uso ukiwa mbali. Acha maji yote yatoke.

*Kila wiki:* Jaribu vali ya usalama. Safisha chujio la hewa, hasa kama unafanya kazi kando ya barabara ya vumbi au kwenye unga wa mbao.

*Kila mwezi:* Kagua mkanda, kaza bolti, pima mivujo kwa sabuni. Kava ya mkanda irudi mahali pake. Vidole havioti tena.

*Oili:* Fuata kitabu cha mashine. Tumia oili ya kompresa, si ile iliyobaki kwenye gari la mteja. Oili ya injini inaacha masizi kwenye vali kwa sababu ya joto.

Unanunua mtumba? Angalia haya

Kwanza, tafuta kibati cha kiwandani chenye presha ya juu inayoruhusiwa na mwaka. Hakipo? Jiulize kwa nini kimetolewa.

Pili, fungua koki ya chini mbele ya muuzaji. Yakitoka maji ya kahawia yenye magamba, achana nayo.

Tatu, tafuta viraka vya kuchomelea, hasa upande wa chini. Rangi mpya kwenye mtungi wa zamani mara nyingi inaficha kitu.

Nne, uliza kama umewahi kupimwa kwa maji. Mtungi unajazwa maji kisha unasukumwa hadi presha ya juu kuliko ya kazi. Maji hayabaniki kama hewa, kwa hiyo ukishindwa unavuja tu, haulipuki. Kazi hiyo ni ya mtaalamu, usijaribu nyumbani.

Hapa Tanzania, mitungi ya presha mahali pa kazi inakaguliwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2003. Wenye ofisi ndogo wengi wanadhani hilo ni la viwanda vikubwa. Lakini presha haijui kama hapa ni kiwandani au chini ya mwembe.

Kwa leo, anza na koki. Inachukua dakika 2, haina gharama yoyote. Na kama huwezi kuizungusha kwa sababu imeshika kutu, hilo ndilo jibu kuhusu hali ya mtungi wako. Zima mashine, toa upepo, ita mtu wa kuukagua kabla dogo hajauwasha tena kesho asubuhi.